Genji kwa Kiingereza: Waley, Seidensticker, Tyler au Washburn, uanze na ipi?

Mtu akishaamua anataka kuingia kwenye mambo ya Japani ya zamani, sio anime wala samurai wa sinema, namaanisha historia yenyewe na dini na mashairi, haichukui muda atakutana na jina moja tu, Genji. Genji Monogatari, hadithi ndefu ya sura 54 kuhusu mtoto wa mfalme anayeitwa Genji, iliyoandikwa Kyoto mwanzoni mwa karne ya 11 na mwanamke wa ikulu tunayemwita Murasaki Shikibu. Mwaka 1008 shajara yake mwenyewe inaonyesha watu wa ikulu tayari wanaijua, ndio maana Wajapani waliadhimisha miaka 1,000 ya kitabu hicho mwaka 2008. Sasa shida inaanza pale unapotaka kukinunua, maana kwa Kiingereza zipo tafsiri nne kubwa na kila moja ni kama kitabu tofauti kabisa, na ukikosea kuchagua unaweza ukaishia sura ya pili ukasema hiki kitabu si cha kwangu, kumbe kitabu ni chako ila umeingilia mlango wa nyuma.

Mimi nimezisoma mbili mwanzo hadi mwisho na mbili nyingine kwa vipande vikubwa, huku nikijifunza Kijapani cha kale polepole, na ninachotaka kusema ni hiki, ushauri mwingi unaoupata kwenye maandishi ya Kiingereza umeandikwa kwa ajili ya msomaji Mwingereza au Mmarekani. Sisi tunaosoma huku tunafikiri kwa Kiswahili tuna faida zetu, kuna vitu vinavyomsumbua mzungu kwenye Genji ambavyo kwetu ni vya kawaida tu, kwa hiyo tafsiri wanayosema ni ngumu kuliko zote kwetu inaweza ikawa ndio rahisi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwataje kwa haraka. Arthur Waley, Mwingereza aliyefanya kazi British Museum, aliitoa kwa juzuu sita kati ya 1925 na 1933. Edward Seidensticker, Mmarekani, alitoa yake 1976. Royall Tyler 2001. Dennis Washburn 2015. Kabla yao wote kulikuwa na Mjapani mmoja, Suematsu Kencho, alitafsiri sura 17 za mwanzo akiwa Uingereza akazichapisha 1882, huyo nitamrudia mwishoni.

Njia nzuri ya kuwaona tofauti zao ni sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu. Kijapani chake kinaanza "Izure no on-toki ni ka", yaani ilikuwa enzi ya nani vile, halafu inaendelea. Mi ningeiweka hivi kwa Kiswahili: "Sijui ilikuwa enzi ya mfalme gani, katikati ya wake na masuria wengi wa ikulu palikuwa na mmoja, si wa daraja la juu sana, ila ndiye aliyependwa kupita wote." Sasa angalia wanavyofanya. Waley anaweka mabano anasema mfalme mwenyewe aliishi lini haijalishi, ni sauti ya babu anayesimulia kando ya moto, tamu sana lakini mwandishi hakusema haijalishi, aliuliza. Seidensticker anakata, anakwambia katika enzi fulani kulikuwa na bibi mmoja asiye wa daraja la kwanza ambaye mfalme alimpenda kuliko wengine, basi, imeisha, vyeo vya wale wanawake wengine vimeondoka. Tyler anabakiza lile swali, ilikuwa ya nani, na huyo mwanamke hamwiti mwanamke, anamwita "mtu" tu, mtu mmoja asiye na cheo kikubwa, na vile vyeo viwili vya wake wa mfalme anavitaja vyote. Washburn anageuza sentensi nzima kuwa swali moja refu. Sentensi moja tu hiyo, na tabia zao zote nne zimo humo, ukitaka kupima kitabu dukani au kwenye simu kabla hujalipa soma hiyo tu.

Hivyo vyeo viwili usivichukulie poa. Nyogo na koi. Nyogo ni mke wa daraja la juu, koi ni wa chini yake, na neno lenyewe koi linatokana na kubadilisha nguo, yaani zamani walikuwa wahudumu wa mavazi ya mfalme. Mama yake Genji ni koi. Habari yote ya sura ya kwanza, chuki ya wale wakubwa, vituko anavyofanyiwa kwenye korido za ikulu mpaka anaugua na kufa, na baadaye kwa nini mtoto wake aliyeng'aa kuliko wote hawezi kurithi kiti akatolewa kwenye ukoo wa kifalme akapewa jina la ukoo wa raia, hilo ndilo neno Genji lenyewe, yote hiyo inatoka kwenye pengo kati ya nyogo na koi. Seidensticker akiviondoa pale mwanzo hadithi bado inaeleweka lakini mzizi wake umefukiwa.

Sasa tuje kwenye majina maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Kwenye Kijapani cha asili karibu hakuna mtu anayeitwa kwa jina lake. Wanaotajwa kwa jina ni watu wa chini, kama Koremitsu mtumishi wa Genji. Wakubwa wanaitwa kwa cheo, kwa nyumba wanayokaa, au kwa ua lililotajwa kwenye shairi lao. Fujitsubo ni jina la jengo la ikulu lenye mti wa maua. Rokujo ni mtaa, barabara ya sita, anakokaa bibi mmoja mpenzi wa Genji. Yugao ni ua linalochanua jioni. Hata mwandishi mwenyewe jina lake halisi halijulikani, Shikibu inatokana na wizara aliyofanyia kazi baba yake, na Murasaki ni jina la mhusika wake. Na mtu akipandishwa cheo jina linabadilika, yule rafiki na mpinzani wa Genji, To no Chujo, anaanza kama kapteni wa walinzi anaishia waziri, na kila sura anaitwa kivingine.

Waley na Seidensticker walitatua hilo kwa kumpa kila mtu jina moja la kudumu, yale majina ya utani ambayo wasomaji wa Japani wamekuwa wakiyatumia kwa karne nyingi, To no Chujo anabaki To no Chujo mpaka mwisho hata akishakuwa waziri. Inasaidia sana, sibishi. Washburn naye amefuata njia hiyo kwa sehemu kubwa. Tyler ndiye aliyekataa. Kwake watu wanaitwa kwa vyeo vyao vya wakati huo, na vyeo vyenyewe amevitafutia maneno ya Kiingereza ambayo mengine yanashangaza kidogo, yule bibi wa Rokujo kwa mfano anamwita kwa neno lenye maana ya kimbilio au mahali pa kupumzikia, maana ndivyo cheo chake kilivyo kwa Kijapani. Wazungu wengi wamelalamikia hapo, wanasema unasoma kurasa mia hujui nani ni nani.

Lakini ebu fikiria sisi tunavyoishi. Ni mara ngapi umemjua mama wa jirani kwa miaka 10 kama Mama Asha tu na jina lake ukalisikia kwa mara ya kwanza msibani? Mwalimu, Bi Mkubwa, Shemeji, Mjumbe, Baba Paroko, Shangazi wa Tanga, mtu akienda kuhiji akirudi ni Hajjat na ole wako uendelee kumwita vile vya zamani. Kumtaja mtu mzima kwa jina lake tupu kwetu ni utovu wa adabu na kwa Wajapani wa Heian, yaani enzi hiyo ya Murasaki, ilikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo Tyler anapoandika Mheshimiwa fulani alikuja akakaa na Binti Mfalme akanyamaza nyuma ya pazia, sikio la Kiswahili halipotei kirahisi, tumezoea kumjua mtu kwa nafasi yake mbele ya anayeongea. Halafu kila sura ya Tyler inaanza na orodha ya wahusika, cheo na umri na uhusiano, ukichanganyikiwa unarudi pale. Mimi nilipoanza Tyler nilitegemea mateso, baada ya sura tatu nikakuta nafuata kuliko nilivyofuata Seidensticker, maana ukiona cheo kimebadilika unajua kuna kitu kimetokea kisiasa, mtu kapanda au kashushwa, na hilo kwenye Seidensticker linapita kimya.

Na kuna lingine. Kijapani cha kale mara nyingi hakitaji mtenda kabisa, unamjua kwa kiwango cha heshima cha kitenzi, na hakuna yeye wa kike na yeye wa kiume. Kiingereza lazima kichague. Kiswahili chetu "alikuja" haisemi mwanaume wala mwanamke. Zipo kurasa za Genji usiku gizani ambapo hujui bado aliyeingia ni nani na mwandishi anataka usijue, Mwingereza anapoandika tu neno la kwanza siri imeshatoka. Tyler anajitahidi kuzunguka, Washburn yeye anafafanua kila kitu ili usibaki na shaka. Kama unajua Kiswahili unaweza ukasoma sentensi ya Tyler ukaigeuza kichwani na ile siri ikarudi mahali pake, nimefanya hivyo mara nyingi na raha yake siwezi kueleza.

Mashairi sasa. Kitabu kina mashairi 795, na sio mapambo, watu wanaongea kwa mashairi, wanatongozana na kuagana na kusutana kwa mashairi, na mtu anapimwa kwa mwandiko na karatasi aliyochagua na tawi la ua alilofungia barua. Ukiwa umekulia sehemu ambapo khanga inasema yale mdomo hauwezi kusema hutahitaji kuelezwa sana kwa nini mwanamke anatuma mistari mitano badala ya kusema tu ameumia. Shairi lao linaitwa waka, lina mizani 31, imegawanyika 5, 7, 5, 7, 7. Halina vina, ni mizani tu. Sisi tumezoea 8 kwa 8 na vina vya kati na vya mwisho, kwao uzito wote uko kwenye hesabu ya silabi na kwenye neno moja kubeba maana mbili.

Chukua shairi la kwanza la kitabu, la mama yake Genji akiwa anakufa, analetewa kigari cha kukokotwa kwa mikono atolewe ikulu maana kifo hakiruhusiwi kutokea ndani ya ikulu, mfalme hataki kumwachia:

Kagiri tote
wakaruru michi no
kanashiki ni
ikamahoshiki wa
inochi narikeri

Nimejaribu kuliweka kwa mizani ileile:

Mwisho wa yote
njia inatutenga
moyo walia
nilitamani kwenda
njia ya kuishi tu

Mizani imetimia lakini nimepoteza kitu, maana kwa Kijapani ile "ika" ya mstari wa nne ni kwenda na ni kuishi kwa wakati mmoja, neno moja, anataka kwenda na anataka kuishi. Kwa Kiswahili tuna kuishi na kuisha zinazogusana sauti kabisa na nimekaa nayo hiyo siku nyingi bila kupata jinsi ya kuiingiza, labda wewe malenga utaweza.

Watafsiri wetu wanafanyaje? Waley mengi ameyayeyusha ndani ya mazungumzo, unasoma mtu anaongea kumbe pale palikuwa na shairi, hujui. Kwa mtu anayetaka hadithi inayotiririka ni sawa, kwa mtu anayetaka kujua utamaduni wa Heian ni hasara kubwa. Seidensticker anayaweka kwa mistari miwili, yametengwa unayaona, lakini mengi ni makavu, kama taarifa. Tyler amejibana na mizani 31, mistari miwili, wa kwanza una 5-7-5 na wa pili 7-7, na akifanikiwa unasikia kabisa mapigo, na chini kuna tanbihi inakwambia neno gani lina maana mbili na shairi lipi la zamani linadokezwa. Kwa hapa mi sina mjadala, Tyler kawaacha mbali. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani kwa vidole ataona kazi iliyofanyika pale.

Sura ya 5 nayo ina kipimo kizuri sana kwetu. Genji anaumwa, homa inakuja inaondoka inakuja tena, dua za kila aina zimefanyika wapi, mpaka anashauriwa aende kwa mtawa mmoja mzee kwenye milima ya kaskazini. Kijapani ni warawayami. Waley anatumia neno la Kiingereza cha zamani la homa ya kutetemeka. Seidensticker anaandika malaria, waziwazi. Tyler anaandika homa inayojirudia. Nilipofika kwenye malaria ya Seidensticker nilisimama, kwa sababu kwa msomaji wa London malaria ni neno la ugenini, la nchi za mbali, kwangu ni ugonjwa wa nyumbani, najua kabisa anavyojisikia huyo kijana kwenye gari la ng'ombe akipanda mlima na baridi ya homa. Kwa ghafla mtoto wa mfalme wa miaka 1,000 iliyopita alikuwa karibu sana na mimi. Tyler yuko salama zaidi kitaaluma maana watu wa Heian hawakuwa na habari ya vimelea, walikuwa na dalili tu na pepo, lakini hapo Seidensticker kanigusa na nampa haki yake. Na ni huko mlimani ndipo Genji anachungulia kwenye uzio anamuona mtoto wa kike analia, shomoro wake kaachiwa na mwenzake Inuki, na mtoto huyo ndiye atakuja kuwa Murasaki.

Upande wa dini ndio kuna kazi. Dini ya Heian ni mchanganyiko, kuna Ubudha wa siri na mioto yake ya ibada na mantra, kuna imani ya Budha Amida na paradiso yake ya magharibi, kuna miungu ya Shinto, dini ya jadi ya Japani, na mahekalu ya Ise na Kamo, kuna waganga wa nyota wanaokwambia leo usielekee kaskazini. Sura ya 9, Aoi, inavibeba vingi. Kwenye sikukuu ya Kamo magari ya ng'ombe ya mke wa Genji yanalisukuma nyuma gari la yule bibi wa Rokujo mbele za watu, wanamvunjia na heshima. Baadaye mke anaumwa uchungu wa kujifungua, makuhani wanasoma, na kitu kinachomkalia kinaongea kwa sauti ya yule bibi, ambaye yuko hai, yuko kwake. Na yeye huko kwake anashtuka, nguo zake zinanuka zile mbegu zinazochomwa kwenye ibada ya kufukuza pepo, anaoga, anabadilisha nguo, harufu haitoki. Hajatuma kitu. Hajaenda kwa mganga. Hasira yake imetoka yenyewe bila ruhusa yake.

Neno la Kijapani ni mono no ke. Kwa Kiswahili ungesema pepo lakini pepo kwetu anatoka nje, anatumwa au anapita, huyu ametoka ndani ya mtu aliye hai asiyejua, iko karibu zaidi na husuda iliyopata miguu. Waley anaiandika sura hiyo kama hadithi ya kutisha ya Kiingereza na anaiandika vizuri kuliko wote, nywele zinasimama. Tyler anakupa tanbihi ya mbegu na ibada. Seidensticker yuko katikati. Washburn anaeleza mawazo ya yule bibi kwa herufi za mlazo, ndivyo anavyofanya kitabu kizima, mawazo ya ndani yanakaa kwa mlazo, hivyo unaingia kichwani mwake moja kwa moja na kwenye sura hii hasa imemsaidia, unamuonea huruma.

Kuhusu Waley nataka niseme kitu kwa haki maana nimemponda. Hakuwahi kufika Japani hata siku moja. Kijapani na Kichina alijifundisha mwenyewe kule makumbusho. Ameruka vipande, ameongeza vyake, nyumba za Heian zisizo na viti anazifanya zinukie Ulaya, na sura moja nzima ya 38 hakuitafsiri, sura ya Suzumushi, ile ya mdudu anayelia kama kengele. Cha ajabu ni kwamba noti ya yen 2,000 ya Japani iliyotolewa mwaka 2000 nyuma yake ina picha kutoka sura hiyohiyo, imechukuliwa kwenye michoro ya karne ya 12. Lakini mwaka 1940 kijana mmoja mwanafunzi wa New York, Donald Keene, alikuta Waley kwenye duka la vitabu vya bei rahisi akainunua kwa senti 49 kwa sababu ilikuwa nene na bei ndogo, dunia iko vitani, akaisoma na hakurudi tena alikotoka, akawa mwalimu mkubwa wa fasihi ya Kijapani pale Chuo Kikuu cha Columbia, na baada ya tetemeko la 2011 akachukua uraia wa Japani akiwa na umri wa miaka 89. Kitabu kilichofanya hivyo sio kitabu cha kudharau. Na Wajapani wenyewe wameigeuza tafsiri ya Waley kurudi Kijapani cha leo na watu wakaipenda.

Seidensticker naye alijifunza Kijapani kwenye shule ya lugha ya jeshi la majini la Marekani wakati wa vita, na ndiye mtafsiri wa mwandishi wa riwaya Kawabata, Kawabata alipopata Nobel 1968 alimgawia nusu ya pesa. Kiingereza chake ni kifupi, safi, hakina mafuta. Kama lengo lako ni kumaliza kitabu, yaani useme nimesoma Genji yote na nimeielewa, chukua Seidensticker. Kina kurasa zaidi ya 1,000 lakini unasogea. Ila ubaridi upo. Kuna neno moja, aware, ile hisia ya kuguswa na kitu kwa sababu kinapita, ambayo mwanazuoni Motoori Norinaga karne ya 18 alisema ndio roho ya kitabu kizima, kwamba Genji haikuandikwa kufundisha maadili ya Budha wala ya Konfusio, imeandikwa ili tuguswe. Kwa Seidensticker saa zingine unaelewa kwa nini mtu analia, machozi yenyewe huyaoni.

Washburn nitampitia haraka. Ni mrefu kuliko wote, zaidi ya kurasa 1,300, kwa sababu maelezo ambayo Tyler anaweka chini ya ukurasa yeye anayaingiza ndani ya sentensi. Anayechukia tanbihi atampenda. Mimi ananichosha, naona ananishika mkono hata pale ninapoweza kutembea, na ule ukimya wa mwandishi unajaa maneno.

Kama unasoma Kijapani hata cha kati, hesabu inabadilika kabisa, usiende Kiingereza peke yake. Yosano Akiko, mshairi, aliigeuza Genji kuwa Kijapani cha kisasa na toleo lake liko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko. Tanizaki, mwandishi wa riwaya, aliifanya mara tatu, na ya kwanza, iliyotoka kuanzia 1939, alilazimika kutoa lile penzi la Genji na Fujitsubo mke wa baba yake maana wakati ule wa vita kugusa heshima ya ukoo wa mfalme haikuwezekana, akalirudisha baada ya vita. Kwa mtu wa historia hilo peke yake ni somo zima. Weka Yosano upande mmoja na Tyler upande wa pili, aya kwa aya, utajifunza kuliko darasa nyingi.

Tahadhari ya kununua, hii imeniuma mwenyewe. Zipo nakala za Waley za bei ndogo zenye sura 9 tu, ile juzuu ya kwanza ya 1925, na jaladani imeandikwa tu jina la kitabu kana kwamba ni chote. Seidensticker anayo ya kufupishwa yenye sura 12. Tyler pia anayo ya kufupishwa. Kabla hujalipa angalia yaliyomo, uone sura 54 (au 53 kwa Waley kamili), uone sura kumi za mwisho, zinazotokea sehemu inayoitwa Uji, zipo, maana hizo ndizo wengine tunaona ni nzuri kuliko zote, Genji ameshakufa, hata kifo chake hakisimuliwi, kuna jina la sura tu lisilo na maandishi, na dunia imebaki na watu wadogo kuliko yeye na mto unaounguruma usiku.

Kwa hiyo mimi ningekupangia hivi. Unayesomea historia au dini au fasihi na utaandika kitu juu yake, Tyler, kamili, bila kufikiri mara mbili, na usiogope vyeo. Unayetaka kumaliza kabla ya mwaka haujaisha na una kazi na watoto, Seidensticker. Unayependa Kiingereza kizuri kwa ajili yake chenyewe na unajua unasoma Waley zaidi ya Murasaki, Waley. Unayepotea haraka na huna subira na tanbihi, Washburn. Na kama huna hela ya yoyote kwa sasa, yule Suematsu wa 1882 yuko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, Kiingereza chake ni cha zamani na kimekatwakatwa lakini sura ya 4 imo, ya Yugao, yule binti wa mtaa wa kawaida ambaye Genji anamchukua usiku kwenda kwenye jumba lililoachwa bila kumwambia yeye ni nani na wala yeye hasemi jina lake. Isome usiku taa zikiwa zimezimwa nyumba nzima. Ukifika pale anapoamka anamgusa na yeye ameshapoa, na hakuna mtu wa kuita, kesho yake tafuta Tyler.